Hajifanyi: jinsi ya kujua ni sehemu gani ya ubongo imeumia kwa mgonjwa wako wa kiharusi, na namna ya kuishi nae nyumbani

Mama yangu alipata kiharusi alfajiri moja akiwa anatia udhu, akadondoka hukohuko bafuni, na mpaka tunamfikisha hospitali upande wote wa kulia ulikua umelegea na mdomo umekwenda pembeni. Baada ya wiki mbili tukaruhusiwa kurudi nyumbani na karatasi ya dawa za presha, karatasi nyingine ya majibu ya skani yenye maneno ambayo nyumbani hakuna aliyeyaelewa, na nesi akatuambia tumfanyie mazoezi. Basi. Hakuna aliyetukalisha chini akatwambia ni kipande gani cha ubongo kimeumia na kipande hicho kazi yake ni nini, kwahiyo miezi mitatu ya mwanzo tulimkosea sana mama. Kila akiulizwa kitu jibu lake lilikua "basi basi basi", una njaa mama, basi basi, tukugeuze, basi basi, na dada yangu mkubwa akawa anamgombeza kabisa, mama ongea vizuri bwana, mbona jana usiku umesoma Fatiha yote mpaka Amin bila kukosea? Shangazi akasema anajifanya. Majirani wakasema ni upepo, atafutiwe mtu. Mama akawa analia tu.

Hakua anajifanya. Kuomba maji kwa maneno yako mwenyewe ni kazi ya kipande kimoja cha ubongo upande wa kushoto, na kusoma Fatiha uliyoisoma kila siku tangu una miaka sita ni kazi inayopita njia nyingine, na kwa mama ile njia ya kwanza ilikua imekufa na ya pili ipo salama. Hilo nililijua baadae sana, tena kwa kuuliza uliza madaktari na kusoma usiku. Na baba mdogo alivyopata kiharusi miaka minne baadae, wa kwake ukaumia upande wa pili, ikawa kama ugonjwa mwingine kabisa. Ndo mana naandika hii kwa yeyote anaeuguza mtu nyumbani sasa hivi, mana ukijua kipande kilichoumia unaacha kugombana na mgonjwa na unajua pa kuanzia.

Kwanza kabisa, kama imetokea leo

Kama unasoma hii na mtu wako ameanza leo, sehemu za ubongo ziache, mwangalie mambo matatu fasta. Mwambie atabasamu, uso unashuka upande mmoja? Mwambie anyanyue mikono yote miwili mbele, mmoja unateremka? Mwambie aseme sentensi fupi anayoijua, maneno yanaburuzika au hayaeleweki? Hata moja tu likiwepo muwahishe hospitali kubwa yenye mashine ya skani ya kichwa, na uandike saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, daktari atakuuliza hilo kabla ya kitu kingine, kwasababu ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa hospitali zilizo nayo, inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tu. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver alipiga hesabu kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo unapoteza seli za fahamu kama milioni 1.9 kila dakika. Dakika, sio saa.

Kama ana kisukari apimwe sukari, mana sukari ikishuka sana inaweza kufanana na kiharusi kabisa. Usimpe maji wala uji, atapaliwa. Usimpe aspirini kwa kuambiwa na mtu, kwasababu kiharusi kipo cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kutofautisha, wa kupasuka ukimpa aspirini unamuongezea kuvuja damu. Na ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba mchome sindano kwenye ncha za vidole damu itoke, achana nao, unakula muda wa mgonjwa na haumsaidii kitu.

Sasa shika kichwa chako

Njia rahisi ya kuujua ubongo ni kuushika kwenye kichwa chako mwenyewe. Kunja ngumi mbili uzikutanishe, huo ndo ukubwa wake kwa kukadiria, na uzito wake ni kama kilo 1.3 mpaka 1.4. Ni kama asilimia 2 tu ya mwili wako lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na hauna ghala la kutunzia chakula chake, unategemea damu inayopanda muda huo huo, ndio mana damu ikikatika dakika chache tu ni msiba.

Zile ngumi mbili ni nusu ya kushoto na nusu ya kulia, katikati zimeunganishwa na daraja la nyuzi kama milioni 200. Na jambo la kwanza la kushika ni kwamba waya za kuendesha mwili zinapishana kule chini kabla ya kuingia uti wa mgongo, kwahiyo nusu ya kushoto ya ubongo inaendesha mkono na mguu wa kulia, na ya kulia inaendesha wa kushoto. Mama kupooza kulia, ubongo ulioumia ni wa kushoto. Baba mdogo kupooza kushoto, ulioumia ni wa kulia. Anza hapo na mgonjwa wako, alafu endelea.

Weka kiganja kwenye paji la uso. Chini ya kiganja hapo ni sehemu ya mbele, kwenye karatasi ya skani utaiona inaitwa frontali, kazi yake ni kupanga, kuamua, kuanza jambo na kujizuia. Sasa pitisha kidole kutoka sikio moja kupita utosini mpaka sikio la pili, kama pale anapovaa mtu bendi ya nywele. Ukanda wa mbele ya huo mstari ndo unaotoa amri ya misuli kusogea, na ukanda wa nyuma yake ndo unaopokea hisia za kuguswa, joto na maumivu. Nyuma ya utosi ni parietali, inajua mwili wako uko wapi na vitu viko wapi. Juu ya masikio ni temporali, kusikia, kuelewa maneno, na kwa ndani kumbukumbu. Kisogoni ni oksipitali, hiyo ni ya kuona, ndio, tunaonea kisogoni ingawa macho yapo mbele. Chini ya kisogo pale shingo inapoanza kuna ubongo mdogo, kwenye karatasi serebelamu, mizani na usahihi wa mwili. Na katikati kabisa, kinachoshuka kuungana na uti wa mgongo, ni shina la ubongo, lenye pumzi, mapigo ya moyo na kumeza.

Chukua ile karatasi ya skani, tafuta neno linalofanana na mojawapo ya hayo, na neno la kushoto au kulia. Ukikwama, siku ya kliniki muombe daktari akuonyeshe kwa kidole kwenye kichwa chako wewe, hata akiwa na foleni ni swali la nusu dakika.

Mkono umegoma ila mguu unarudi, kwanini?

Hili watu wengi linawavunja moyo. Ule ukanda wa amri za misuli una ramani ya mwili mzima, na ramani yenyewe imegeuzwa juu chini, mguu upo juu kabisa utosini katikati, alafu ukishuka pembeni unakuta mkono, vidole, kisha uso na ulimi. Tena vidole na midomo wamepewa eneo kubwa kuliko mgongo mzima, kwasababu kazi zao ni za ustadi, kushona, kuchambua mchele, kuongea. Sasa mshipa unaoziba mara nyingi ni ule wa katikati unaolisha pembeni, yaani eneo la mkono na uso, na mguu unalishwa zaidi na mshipa mwingine. Ndo mana mgonjwa anaweza kuanza kutembea huku mkono bado umening'inia. Sio kwamba mlisahau kuukanda mkono.

Cha kufanya: ule mkono usivutwe kamwe. Sisi tulikua tunamnyanyua mama kwa kumshika kwapa na kuvuta mkono, bega likaachia kidogo, akapata maumivu mwaka mzima. Mkono ukiwa umelegea bega linashikiliwa na ngozi na kano tu. Mnyanyue kwa kumshika kiunoni, akikaa mkono uwe juu ya mto, akilala mgeuze kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya kulalia. Na mazoezi yawe ya kazi halisi, kunja kitambaa, shika kikombe cha plastiki, hamisha maharage kutoka bakuli hili kwenda lile, mara nyingi kwa siku. Ubongo unatengeneza njia mpya kwa kurudia kitu chenye maana kwake. Miezi mitatu ya kwanza ndo maendeleo yanakua makubwa ila hayasimami hapo, mama kidole gumba kilianza kusogea mwezi wa saba.

Maneno: anaelewa ila hawezi kusema, au anasema ila haelewi

Hapa nitakaa sana kwasababu hapa ndo tulipomuumiza mama.

Kwa watu wengi lugha inakaa nusu ya kushoto, kama asilimia 95 ya wanaotumia mkono wa kulia, na hata wa mashoto wengi wao ni hivyohivyo. Mwaka 1861 kule Ufaransa daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambae kwa miaka mingi neno lake lilikua moja tu, "tan", ukimuuliza chochote anajibu "tan tan", mpaka pale hospitali watu wakawa wanamuita hivyo. Alivyofariki Broca akaufungua ubongo akakuta kidonda sehemu ya mbele kushoto. Niliposoma hiyo nilikaa kimya, mana "tan tan" ni "basi basi" ya mama yangu, yule mtu kaishi Paris miaka zaidi ya 160 iliyopita na mama kaishi Mbagala, kipande kilekile.

Mgonjwa wa aina hii anaelewa karibu kila unachosema. Anajua anachotaka kusema. Neno ndo halitoki, na anajua kwamba halitoki, ndio mana analia na kupiga kitanda. Ila vitu vilivyokaririwa vinaweza kutoka vizima, dua, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za wiki, nyimbo, hata matusi. Kumbe Fatiha ile ndo ilikua ushahidi wa ugonjwa wenyewe, sisi tukaifanya ushahidi wa kumhukumu.

Aina ya pili aliielezea Mjerumani Carl Wernicke mwaka 1874, hapo kinachoumia ni nyuma zaidi, temporali ya kushoto. Huyu anaongea tena kwa kasi, sauti inapanda na kushuka kama kawaida, lakini maneno hayaungani, mengine hayapo duniani, na yeye mwenyewe hajui kwamba anachosema hakieleweki. Huyu nyumbani wanasema amechanganyikiwa akili, ama amepandisha. Hajapandisha, mlango wa kuingilia maana ya maneno umeharibika.

Kuwatofautisha nyumbani ni hivi. Kaa mbele yake, zima redio na tivii, mikono yako iache mapajani usimwonyeshe kitu kwa ishara, mwambie kwa maneno tu "funga macho". Alafu "niangalizie dirisha liko wapi". Alafu la hatua mbili, "gusa pua kisha gusa kitanda". Akifanya, anaelewa, tatizo lake ni kutoa. Akikutolea macho au akafanya kingine, tatizo lipo kwenye kuingiza. Wapo wenye yote mawili.

Kwa asiyeweza kutoa: muulize maswali ya ndio na hapana, ila kwanza hakikisha ndio yake ni ndio kweli, mana mama alikua anatikisa kichwa kukataa huku anataka, tukahamia kwenye dole gumba juu au chini. Mpe muda, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujamsaidia neno. Tumia nyimbo, sisi tulianza na kasida alizokua akiimba madrasa, alafu tukawa tunatia maneno ya kila siku kwenye mahadhi hayohayo, "na-ta-ka-ma-ji", huku tunagonga mkono wake wa kushoto taratibu kwa kila silabi, hiyo sio mbinu ya kubuni nyumbani, wataalamu wa matamshi wanaitumia kweli. Piga picha kwa simu vitu vya nyumbani, kikombe, choo, dawa, wajukuu mmoja mmoja, awe anaonyesha. Na mama ni Msambaa wa Lushoto, Kiswahili alikijua vizuri ila Kisambaa ndo cha utotoni, na neno lake la kwanza kurudi lilikua la Kisambaa. Kwahiyo kama mgonjwa wako ana lugha ya nyumbani jaribu zote, wengi zinarudi pamoja ila wapo ambao moja inatangulia.

Kwa asiyeweza kuelewa ni kinyume chake: tumia ishara nyingi, onyesha kitu chenyewe, sentensi fupi, usimsahihishe kila neno na usipaze sauti, masikio yake ni mazima.

Anakula nusu ya sahani

Baba mdogo yeye aliongea vizuri mno tangu siku ya kwanza, mpaka tukasema huyu kapona. Kumbe. Alikua anakula wali upande wa kulia wa sahani, upande wa kushoto anauacha kama ulivyo, alafu anasema chakula kidogo. Ananyoa ndevu shavu la kulia tu. Mke wake akikaa kushoto kwake anamuita saa nzima haitiki, mama mdogo akaanza kuona anadharauliwa. Na siku moja kaushika mkono wake uliopooza akatuuliza, huu mkono wa nani kaacha hapa?

Hiyo ni parietali ya kulia. Macho yake yanaweza kuwa mazima, ila ubongo umeufuta upande wa kushoto wa dunia na wa mwili. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba mwenye hali hii anaweza asijue kabisa kwamba amepooza, unamuuliza unaweza kusimama, anakwambia mbona naweza, anasimama, anaanguka. Baba mdogo alianguka mara tatu. Tulidhani kiburi, yeye alikua fundi seremala, mtu wa kujitegemea siku zote.

Jinsi ya kupima: panga sarafu kumi kwenye sinia mbele yake mwambie azikusanye zote. Akiacha za kushoto umepata jibu. Au mchoree duara mwambie aweke namba za saa, utakuta zote kumi na mbili zimebanana kulia. Tofautisha na mwenye tatizo la oksipitali, huyo nae haoni nusu moja lakini mwenyewe anajua haoni, na ukimfundisha kugeuza kichwa anageuza, huyu wa parietali hana habari kama kuna upande umebaki.

Kuishi nae: maji ya kunywa, kengele ya kuwaitia, simu, viwe upande anaoujua, hiyo ni usalama. Ila mazungumzo na mazoezi mkae upande aliousahau, anza pale anapokuona alafu sogea taratibu kuelekea kushoto, mguse mkono wa kushoto huku unautaja. Sahani mzungushie katikati ya kula. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza, mfundishe kuutafuta huo utepe kabla hajaanza chochote. Kitanda kiwe chini, godoro lingine sakafuni, na usimwamini akisema anaweza kusimama mpaka umsimamie.

Tabia imebadilika

Mzee mpole anatukana. Mama mchapakazi anakaa kutwa ukutani, hata kuwasha taa mpaka aambiwe. Zote mbili zinaweza kuwa za sehemu ya mbele. Kisa kinachojulikana duniani ni cha Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya kupasua miamba ya reli kule Vermont Marekani, mwezi wa tisa mwaka 1848 baruti ilifyatua chuma kikapita shavuni kikatokea juu ya kichwa, kikaharibu sehemu ya mbele. Akapona, akaongea, akatembea, akaishi mpaka 1860, lakini waliomfahamu walisema huyu sio Gage tena, mtu aliyekua na mipango na heshima akawa wa matusi na kigeugeu.

Kwahiyo akikutukana usijibizane, breki zimeumia. Toka chumbani dakika tano urudi na mada nyingine. Anaekaa tu bila kuanza kitu usimuite mvivu, mwandikie ratiba ukutani na umuanzishe, mpe mswaki mkononi kabisa, akishaanza ataendelea. Kazi moja kwa wakati mmoja. Na hili nalisema wazi kwasababu nimeona familia zimeumia: namba ya siri ya M-Pesa, hati ya kiwanja, kadi ya benki, kaeni kikao cha familia mapema muamue nani anasaidia, mana uwezo wa kupima kama jambo ni la busara nao unakaa hapo mbele, na matapeli wanajua.

Kuna jambo linafanana na hili ila ni lingine. Mgonjwa analia kwa nguvu wageni wakiingia, au anacheka msibani, inamtoka ghafla na inakata ghafla. Hapo ni waya za kuzuia kilio na kicheko zimekatika, moyoni anaweza asiwe na huzuni yoyote. Msimzunguke wote kumbembeleza, badilisheni mazungumzo tu, itapita. Lakini kama hataki kula, halali, hataki kuona mtu kwa wiki mbili, hiyo ni sonona ya kweli, kama theluthi moja ya waliopata kiharusi wanaipata, ina dawa, semeni kliniki.

Huko ndani kabisa

Presha ya muda mrefu inapenda kupasua vimishipa vidogo vya ndani, na huko kuna thalamasi, ambayo ni kama stendi, karibu hisia zote za mwili zinashukia hapo kabla ya kwenda juu. Ikiumia mgonjwa anaweza kusema upande uliopooza unaungua moto, hata shuka likimgusa anapiga kelele, na panado haisaidii kitu. Ni maumivu ya kweli ya neva na yana dawa zake tofauti, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo anayotumia mgonjwa.

Kuna hipokampasi, mbili, moja kila upande ndani ya temporali, hizi ndo zinazoandika kumbukumbu mpya. Mmarekani Henry Molaison alitolewa sehemu hizo mwaka 1953 kutibu kifafa, na mpaka anafariki 2008 alikumbuka utoto wake ila aliyemtembelea akitoka mlangoni akirudi alikua mgeni upya. Lakini walimfundisha kuchora nyota huku akiangalia kwenye kioo, kila siku akasema hajawahi kufanya, na kila siku mkono wake ukawa unachora vizuri zaidi. Hii inakuhusu wewe moja kwa moja: mgonjwa asiyekumbuka mazoezi ya jana, mwili wake unaweza kuwa umejifunza. Usiache kwa kusema "hata hakumbuki". Fanyeni saa ileile, mahali palepale, kwa mpangilio uleule.

Ubongo mdogo ukiumia huenda mkono na mguu vina nguvu zake zote ila mtu anapepesuka kama mlevi, anatapika, dunia inazunguka, akinyoosha kidole kugusa pua kinapita pembeni. Hawa wengi wanarudishwa nyumbani wametibiwa malaria au wanasingiziwa pombe. Kizunguzungu cha ghafla na hawezi hata kukaa wima bila kushikwa, hiyo nayo ni dharura, sema neno kiharusi mbele ya daktari uone kama aliwaza.

Na shina la ubongo, hapo nakuomba makini yako yote, kwasababu kumeza kunasimamiwa hapo, ingawa hata kiharusi cha juu kinaweza kukuharibia kumeza. Chakula kikiingia njia ya hewa ni nimonia, na nimonia inaua wagonjwa wa kiharusi waliokwisha kunusurika. Kabla hujaondoka hospitali uliza wazi kama amepimwa kumeza. Nyumbani alishwe amekaa wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo kama nesi au mtaalamu amekuelekeza hivyo, kijiko kidogo, ameze kwanza ndio kijiko kingine, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Maji matupu ndo yanapalia kuliko uji mzito. Sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, kikohozi kila akinywa, homa zisizoisha, chakula kinabaki shavuni upande uliopooza, simamisha na mrudishe akaangaliwe. Mpira wa kulishia puani sio hukumu, mama alikaa nao wiki tano ukatolewa. Yupo pia, kwa nadra, mgonjwa ambae shina limeumia hawezi kusogeza chochote isipokua macho juu chini na kukonyeza, na akili yake ni timamu kabisa anasikia kila mnachopanga juu yake. Kabla hamjasema hana fahamu, mwambieni aangalie juu.

Daftari

Nunua daftari la kawaida, ukurasa wa kwanza chora kichwa, weka alama pale palipoumia, andika kushoto au kulia, andika kama ni kuziba au kupasuka. Kila asubuhi presha, dawa zipi amekunywa na saa ngapi, usiku amelalaje, jipya gani ameweza au ameshindwa, hata dogo, "ameshika kikombe", "ameniita jina". Presha ndo mama wa balaa hili lote, na dawa zake hazikatwi siku presha ikishuka, imeshuka kwasababu ya dawa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006 ulikuta wanaopata kiharusi kwa mwaka ni kama 316 kwa kila watu 100,000 Dar na kama 109 Hai wakishasawazisha umri, kwahiyo hapo nyumbani na wewe unaeuguza pima ya kwako.

Jambo jipya la ghafla, upande mwingine umelegea, maneno yaliyokua yamerudi yamepotea, kichwa kinauma kuliko kawaida, degedege, usisubiri tarehe ya kliniki. Namba ya bajaji anaekubali kuja usiku na ya dereva wa akiba ziandike kwa maka pen ukutani juu ya kitanda, kubwa, kila mtu wa nyumba hata mtoto aweze kuzisoma.